Chumba Chenye Dirisha Linalofunguka

LaMar Heaton aliingia hoteli ya tatu na swali lilelile, na binti wa mapokezi akampa jibu lilelile.

"Dirisha halifunguki, mzee. Ila kiyoyozi ni kimya, hata hutajua kipo."

"Basi, asante."

Mkewe Verda alikuwa bado garini, mkanda kifuani, mkoba mapajani.

"Umeshawaudhi wote?"

"Bado mmoja."

Kwa miaka mingi LaMar aliendesha greda la barabara la kaunti hapa Kanab, mji mdogo wa jangwani, na Verda alifundisha piano sebuleni kwao. Nusu ya watu wazima wa mji huu waliwahi kukung'uta vumbi jekundu barazani kwake kabla ya kuruhusiwa kuingia. Mwaka jana Verda alianguka bafuni. Binti yao Janeal akawahamishia kwake jijini Salt Lake, nyumba yao ikauzwa. Verda hakubisha. Aliacha tu kulala.

Daktari alibadilisha vidonge. Janeal alibadilisha godoro, kisha mapazia. Verda alikonda, akaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Janeal alisema ni uzee. LaMar alisema ni usingizi, na usingizi wenyewe umebaki Kanab. Wakakubaliana hivi: LaMar ampeleke Kanab siku chache. Akilala, LaMar atapanga nyumba huku. Asipolala, suala la kurudi lisitajwe tena.

Hoteli ya nne ilikuwa ya Corinne Ott, mwanamke aliyekuja kutoka Portland akanunua nyumba ya wageni iliyochakaa, vyumba tisa kwa safu moja chini ya genge la mwamba. Hakuwa chini ya kampuni yoyote; mapazia alishona mwenyewe, na kuta alizipaka rangi mwenyewe.

"Dirisha linafunguka?" LaMar aliuliza.

"Yote yanafunguka. Moja halifungiki."

"Tunachukua. Si hilo lisilofungika."

Aliwapa chumba alichojivunia kuliko vyote. Dirisha lilitazama genge moja kwa moja, na saa ile ya mchana mwamba ulikuwa mwekundu hadi shuka zikaonekana za waridi. LaMar alifungua dirisha, akamvua mkewe viatu, akaketi kusubiri. Alikuwa na hakika kwamba alichokikosa Verda ni genge lile.

Verda alilala chali. Macho yalibaki wazi.

"Kizuri," alisema. "Wamepata mahali pazuri, hawa watu."

"Fumba macho, mama."

"Nimeyafumba mara tatu, LaMar. Yanafunguka yenyewe."

Mwishowe aliinuka, akasema anakwenda kunyoosha miguu. LaMar hakumzuia. Alibaki kitandani akiitazama simu, akifikiri atamwambiaje Janeal.

Alipotoka kumtafuta, alimkuta mwisho wa safu, mbele ya chumba ambacho Corinne alikuwa bado hajamaliza kukikarabati. Dirishani paliningʼinia sanduku la bati, lile la zamani, ambalo feni yake huvuta hewa ya jangwani na kuipoza kupitia nyuzi za mti zilizolowa maji. Lilikuwa likinguruma na kudondosha maji. Verda alikuwa ameegemea fremu ya mlango, uso ameuelekeza kwenye ule upepo wa unyevu unaonukia mbao mbichi.

Corinne alikuja mbio. "Samahani sana, bibi. Hicho si chumba cha mgeni. Lile dude nimeliwasha kufukuza harufu ya rangi tu."

"Kitanda kipo?" Verda aliuliza.

"Kipo, lakini—"

"Basi."

Aliingia. Bila kuelekezwa alikwenda kwenye dirisha la upande wa pili, akalipandisha upana wa vidole viwili, kama afanyavyo kila mtu wa hapa ili ile hewa yenye maji ipate pa kutokea. Kisha akajilaza juu ya tandiko, mkoba ukiwa bado mkononi.

LaMar alisimama mlangoni. Kila majira ya kuchipua alipanda paa la nyumba yao kubadilisha nyuzi za sanduku kama lile, akilitukana njia nzima ya ngazi. Alipofika Salt Lake alimshukuru Mungu kwa kiyoyozi cha Janeal. Hakuwahi kumwuliza Verda.

"Lina kelele mno," Corinne alinongʼona.

"Mno," LaMar alikubali.

Verda alikuwa akikoroma.

LaMar alipiga simu akiwa barazani. Janeal hakusalimia.

"Amelala?"

Alisogeza simu kwenye ufa wa mlango, akaiacha hapo. Kisha akairudisha sikioni.

"Baba. Hilo ni sanduku la maji?"

"Ndilo."

"Nilikuwa nalala chini yake nikiwa mdogo. Kwenye zulia." Akapenga kamasi. "Usimwamshe kwa ajili ya chakula."

"Alikwambia nani nitathubutu?"

Akakata simu, akamgeukia Corinne, aliyekuwa ameshika taulo ambazo hakujua azipeleke chumba gani.

"Dada, unamjua mtu mwenye nyumba ya kupangisha hapa mjini? Iwe ya zamani. Akikuambia ameweka kiyoyozi kipya, usimpe namba yangu."