Pakacha la Mchicha Langoni

Filimbi ya mwalimu wetu wa kwata naisikia mpaka leo. Ilikuwa na ufa, kwa hiyo haikulia kama filimbi za watu. Ililia kama birika la chai linalochemka huku mfuniko ukirukaruka. Ikilia tu, sisi wasichana tuliokuwa mafunzoni Chukwani tunaacha kila kitu, anayejifunga mtandio anakimbia nao mkononi, tunajipanga mstari. Kisha tunacheka. Kisha tunagombezwa kwa kucheka.

Kampuni yetu ni ya ulinzi. Ina matawi Mombasa, Dar es Salaam na hapa Unguja, lakini aliyeianzisha ni mtoto wa Mji Mkongwe, mwanamke mtu mzima, mfupi, anayevaa baibui na raba nyeupe. Alitwambia alianza na walinzi wa maduka ya vinyago tu, na yeye mwenyewe akipita vichochoroni na chupa ya chai kuwaangalia kama wako macho. Mimi skuli niliishia kidato cha pili, lakini nikimtazama yule mama nilikuwa nshajiona: nna kampuni yangu, nna raba zangu nyeupe, watu wananiita Mkurugenzi. Niliota hivyo hata nikiwa mguu sawa. Ndiyo maana wenzangu wakigeuka kushoto, mimi nilikuwa bado natazama mbele.

Shida yangu ni kwamba siwezi kumkaripia mtu. Tulipofundishwa kumsimamisha mgeni, wenzangu walinguruma, "Simama hapo hapo!" Mimi nikasema, "Samahani, unaweza kusimama kidogo?"

Mwalimu, mtu wa bara mwenye kifua kama kabati, akajishika kichwa. "Binti, wewe unalinda au unaposa?"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Tulishaambiwa: atakayefaulu mtihani wa lango, Jumatatu anaanza kazi kwenye nyumba mpya za Fumba, atakayeshindwa anarudi kwao. Na kwetu shamba, kule kwa wakulima wa mwani, nilikuwa nshamwambia kila mtu kwamba nitarudi na sare.

Siku ya mtihani mkurugenzi akaja mwenyewe. Tukawa tunaitwa langoni mmoja mmoja, wengine wamefichwa nyuma ya jengo. Mwalimu akanikumbusha sharti kubwa kuliko yote: mikono ya mlinzi haibebi mzigo wa mgeni.

Nikasimama. Akaja bibi aliyekuwa akitupikia pale mafunzoni, pakacha la mchicha begani, anatembea kwa kujikongoja. Nikajua kabisa kuwa ni mtihani. Lakini utampekua vipi mtu anayekupakulia wali kila siku na kukuongezea ukoko?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo bibi. Lete nikupokee."

Wallahi lilinitoka lenyewe. Kwetu, mtu mzima akija na mzigo, mikono yako inatangulia kuliko akili. Nikafungua lango, nikalipokea lile pakacha, likanivuta bega mpaka nikayumba. Mchicha gani huu? Nikaenda nalo mpaka kwenye baraza, nikachomoa mafungu moja moja, na chini kabisa nikakuta nyundo imeviringishwa kanga.

"Umenikamata, mwanangu!" bibi akapiga makofi. "Wenzio wote wameuchungulia kwa juu tu, wanaona haya kunivurugia mboga zangu."

Nikainua ile nyundo juu kama kombe la mpira, nikageuka kumwonyesha mwalimu. Na hapo nikamwona mkurugenzi. Alikuwa amekaa ndani ya lango, kwenye kiti changu mimi, anajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Nimepiga hodi," akasema. "Sikuona wa kunipokea, nikajikaribisha."

Lango nilikuwa nimeliacha wazi pale pale.

"Ameshindwa!" mwalimu akasema.

"Ngoja, mwalimu." Mkurugenzi akaniita.

"Naam."

"Kwa nini umempokea mzigo, na umeambiwa usishike?"

"Bi mkubwa, kanizidi umri, na amebeba. Nisingempokea, mama yangu angejuta kunizaa."

"Na nyundo umeijuaje?"

"Mchicha haujawahi kuniuma bega."

Akacheka, yule mama, mpaka kiti kikalia. Halafu akanitazama kwa namna iliyonifanya niirudishe nyundo chini taratibu.

"Ningekuwa mwizi, saa hizi nshafika vyumbani mwa watu. Fumba kuna wenye watoto wachanga, wamelala kwa kukutegemea wewe. Unanifahamu?"

Machozi yalinijaa. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wazee wapokee. Mimi sitaki mlinzi asiyempokea mzee. Lakini lango kwanza. Jumatatu utaanza Fumba, utasimama na mwenzio mwenye sauti. Halafu siku moja ntakuja, na hodi sitapiga."

"Haya, mchumba wa watu," mwalimu akasema, naye anazuia kicheko, "nenda ukale."

Wenzangu wakakimbilia jikoni, nasikia sahani zinagongana na bibi anawafokea wasisukumane. Mimi sikwenda. Nilirudi langoni peke yangu, jua limelipasha bati lake mpaka linachoma kiganja. Nikalifungua. "Shikamoo bibi," nikamwambia mtu ambaye hakuwepo, "pita." Nikamwachia nafasi apite. Nikalivuta lango, nikasukuma komeo, nikalitikisa kuona kama limeshika. Ndipo nikanyoosha mikono nimpokee.