Mikono ya Dalali

Dalali wa vitunguu vya kupandia maua anayekuja kwetu Hillegom hashiki bidhaa. Husimama katikati ya ghala akivigeuza vitunguu vya tulipu kwa ncha ya bakora, mikono yake laini kama ya bi harusi, akimwita mume wangu Leendert "kaka" kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Ukimwonyesha vitunguu vya hayasinti, hurudi nyuma. "Hivyo vinawasha, shemeji. Baki navyo." Kweli vinawasha. Vumbi la maganda yake likikushika, utajikuna mpaka ukome. Msimu huu kijiji kizima hujikuna, hata mchungaji akiwa anahubiri. Dalali tu hajikuni, na kila akija huuliza, kama mtu wa kupitisha muda tu, ile hayasinti mpya ya buluu anayoikuza Leendert imefikia wapi.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani tulikuta pengo kwenye rafu ya hayasinti ile. Jumatatu dalali akaja kununua tulipu. Kwetu bei hukubaliwa kwa kupigana viganja: unataja yako, unapiga; mwenzako anataja yake, anapiga. Walipiga, wakapiga tena, huku wakicheka. Mara ya tatu mkono wa dalali ulikata kona hewani, ukaenda kukuna mkono wake wa pili, ndani kabisa ya mkono wa shati, kwa kucha zote.

"Viroboto wa kwenye treni hawa, shemeji," akaniambia, na wala sikuwa nimemuuliza.

"Pole, shemeji. Na hayasinti wanazipenda?"

Akacheka, akanyoosha tena kiganja. Leendert alikuwa ameshatia mikono mfukoni.