Kicheko cha Benchi la Nyuma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mate yanakuwa machungu mdomoni. Siku hiyo nilikwenda Mikumi kutazama igizo. Naiandika kwa sababu nasikia ninyi vijana wa hapa Kilosa mnachanga nauli mwende Morogoro kutazama watu wa jukwaani, na mmeshaanza kugombana kwa ajili ya viti: huyu anataka vya mbele, yule anasema vya nyuma vinamtosha. Mimi shule niliishia la nne, mkiona herufi zimepinda zinyoosheni wenyewe. Lakini habari ya viti naijua kuliko wengi.

Zamani hizo nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Naishi bondeni karibu na reli, katika nyumba aliyoniachia baba. Baba alikuwa Mnyamwezi, kazi ya reli ilimleta na udongo wa hapa ukambakiza. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shabani, ndiyo kwanza anaanza kuwa na utundu. Siku moja alfajiri Mto Mkondoa ulivunja tuta, maji yakatuingilia. Nilipanda mwarobaini uliokuwa nyuma ya nyumba, mtoto nimemfunga mgongoni kwa kanga. Maji yakailegeza kanga. Sitaandika zaidi ya hapo. Hakuonekana siku ile wala baadaye. Shehe alimsalia bila jeneza, watu wakarudi kwenye mahema tuliyopewa baada ya mafuriko, kila mmoja na lake.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi wa siku hizi mnaliona mchezo. Kwetu mtu akifa, watani huja. Wasagara ni watani wetu sisi Wanyamwezi. Mtani akija msibani atalia kilio cha uongo, atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, halafu jeneza likitaka kutoka atalizuia: "Haendi mtu hapa mpaka mnikomboe!" Mnatoa chochote, anakitukana, mnaongeza, mnacheka huku machozi yanawatoka, ndipo anapisha njia. Ndivyo msiba unavyofunguka. Shabani hakuwa na jeneza. Watani wangezuia nini? Hawakuja. Na watu kwa huruma zao wakaacha kuniita Mama Shabani. Nikawa dada, nikawa shemeji, nikawa "wewe". Jina langu nalo lilikwenda na maji.

Hemani nililala na jirani yangu Tausi. Namtaja kwa jina, yuko hai, akisoma na asome. Tausi, mke wa fundi baiskeli, siku ya mafuriko hakuwapo Kilosa kabisa. Alikuwa Mvumi, arusini kwa dada yake. Alirudi akakuta nyumba imelala chini, hilo silikatai. Ila habari ya ule mwarobaini na ile kanga aliisikia kutoka kinywani mwangu, maana nilikuwa natafuta sikio la kunisikiliza. Sikio nililipata. Kumbe lilikuwa na mdomo.

Akaja Mwalimu Fanueli kutoka Morogoro, na kikundi chake cha maigizo. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsimulia yaliyompata, watengeneze igizo. Alipopita kwenye mahema mimi nilijifunika shuka gubigubi. Aliyefiwa na msiba wake haujafunguliwa, atasema nini mbele ya wageni? Tausi akasema. Akayasema yangu yote na chozi juu. Mwenyekiti wetu Rajabu alikuwa amesimama palepale, ukweli anaujua, akanyamaza, kisa ameahidiwa mabati. Hao ndio watu wangu watatu: aliyeiba, aliyepokea bila kuuliza, na aliyeona akajikohoza.

Igizo likapangiwa Mikumi, kwenye ukumbi mmoja wa arusi, maana huko ndiko walikokuwa wageni wenye nafasi zao. Sisi wa Kilosa tulijazana kwenye lori la fuso, tukapita kijiji cha Ulaya tumekuwa wekundu wa vumbi kama matofali. Pembeni yangu alikaa Bibi Anjela, Msagara wa milimani, Mwanglikana wa kwelikweli, mtani wangu tangu enzi za baba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Mbona umenuna kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Nilikuwa natazama mbele. Tausi hakupanda fuso letu. Alichukuliwa na gari la Mwalimu Fanueli.

Mlangoni palikuwa na madaraja matatu ya viti. Mbele masofa yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, kila mmoja na soda yake. Katikati viti vya plastiki. Nyuma mabenchi yaliyoazimwa shuleni, bei yake haizidi sahani ya ubwabwa. Kwenye pindo la kanga nilikuwa na akiba yangu yote ya kuuza vitumbua, nikaanza kulifungua ninunue sofa. Nilitaka nikae bega kwa bega na Tausi, nimkazie macho.

Bibi Anjela akanishika mkono. "Hiyo ni pesa ya kutazamwa, siyo ya kutazama. Ukikaa mbele utaona jukwaa tu. Njoo benchini, uone na jukwaa na visogo vya wakubwa. Tena tukae huku mwisho wa benchi, karibu na njia. Si nyuma ya nguzo, wala si chini ya spika, tukazibwa masikio."

"Bibi, pale mbele ni kwangu mimi."

"Najua. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimekasirika nusura nimtukane, na si utani.

Igizo likaanza. Binti wa Morogoro, mweupe, ameshiba, ndiye aliyekuwa mimi. Vijana wawili walitikisa kitambaa cha buluu, huo ndio Mkondoa. Mgongoni binti alibeba furushi la nguo lililofungwa kama mtoto. Akapanda juu ya meza, ndio mwarobaini. Mbele kule watu wakaanza kupenga kamasi. Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa alilia mpaka mwenzake akampepea kwa tiketi. Nami namtazama Tausi kisogo, namwona anavyotikisa mabega kwa ustadi, leso nyeupe inakwenda usoni na kurudi.

Umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu analiliwa, mwanangu? Wivu wa mume unasemeka, watu wanauimbia nyimbo. Wivu wa nyumba na nguo unaeleweka. Mimi nilikuwa namwonea mtu wivu wa msiba. Nilitaka yale machozi ya watu nisiowajua yawe yangu. Nilikuwa nayahesabu kama haki yangu, kila tone, kama mtu anavyochungulia mahindi yake kwenye ghala la jirani.

Kanga ikalegea. Furushi likaanguka kwenye kitambaa cha buluu. Msimulizi akashika kipaza sauti: "Haya si maneno ya kutunga. Yamempata mama yetu Tausi, na leo yuko nasi!" Tausi akasimama, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo mabenchi yalipoangua kicheko.

Yaani kicheko, mwanangu, cha watu kushikana mbavu. Shabani wangu yuko majini na watu wa kwetu wanacheka! Nilihisi kama nimechomwa mkuki. Watu wa masofa wakageuka. "Nyie wa nyuma hamna adabu? Mtu kapoteza mtoto mnacheka?"

"Bibi," nikasema, "wanamcheka Shabani."

"Hujasikia? Kuna aliyeuliza huko: Tausi yupi? Huyu tuliyemwacha arusini Mvumi anagombea ukoko wa pilau?" Hata yeye midomo ilikuwa inamcheza. "Wanamcheka yule. Mbele wanalia kwa kuwa hawajui. Nyuma wanacheka kwa kuwa wanajua."

"Wanamcheka yeye, lakini mtoto ni wangu."

Bibi Anjela akaacha kucheka. Akasema, "Mimi ni mtani wako, na sikuja kwenye msiba wako. Nilisema hakuna jeneza, nitazuia nini. Ulinyamaza wewe, nikanyamaza na mimi, mwenye mdomo akapita katikati yetu. Maiti hana mdomo, ila mama yake anao. Utaupeleka wapi mdomo wako?"

Mbele kule wakaanza kutunza. Unajua desturi yetu, mtu akikugusa moyo jukwaani unainuka na noti, unacheza taratibu hadi pale, unambandika usoni. Basi waliinuka, wengine kwa yule binti, wengi kwa Tausi. Noti kwenye paji la uso, noti kwenye kilemba. Bibi Anjela naye akainuka. Nikadhani amechanganyikiwa, anakwenda kumtunza mwizi wangu! Akacheza na kifimbo chake njia nzima, wanampigia makofi kwa uzee wake. Akapanda jukwaani, akampita binti, akainama, akaliokota lile furushi majini na kulikumbatia kifuani.

"Haendi mtu hapa!" akapiga kelele. "Huyu mtoto haondoki mpaka akombolewe!"

Masofa yakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya igizo. Mabenchi yalinyamaza kimya. Sisi tulijua kinachofanyika.

Mwalimu Fanueli akakimbilia jukwaani. "Bibi, tafadhali, igizo halijaisha."

"Kaa pembeni, mjukuu wangu. Msiba hauna mwalimu."

Tausi, mjanja wangu, akaona watu wote wanatazama. Akajibandua noti moja usoni, akapiga hatua, anatabasamu kwa huzuni. "Chukua, bibi. Nipe mwanangu."

"Wewe Msagara, mimi Msagara," Bibi Anjela akamwambia, na sauti yake ilifika hadi mlangoni. "Tangu lini nikakufanyia utani msibani kwako? Huyu mtoto ni wa watani zangu. Ni Mnyamwezi huyu, mtazame kichwa! Kaa chini, mama, soda yako inapata joto."

Tausi akabaki na noti hewani. Mabenchi yalicheka mpaka nguzo zikasikia. Bibi Anjela hakucheka. Alinyoosha kifimbo kule nyuma, gizani.

"Mama Shabani! Uko wapi, Mama Shabani? Njoo umkomboe mwanao, nimechoka kumbeba!"

Tangu maji yalipokuja hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Miguu iliinuka yenyewe. Nilipita kwenye plastiki, nikapita kwenye masofa, watu wananitazama hawanielewi. Nilipofika nikavua kanga ya begani nikampa.

Akaikagua kwa vidole viwili. "Nini hiki? Dekio? Mnyamwezi ataacha lini ubahili? Shabani alikuwa ananiibia miwa kila nikishuka milimani, na miwa yenyewe nataka!"

Ni kweli alikuwa anamwibia. Nikacheka. Nilicheka pale mbele ya watu, na kilio kikatokea humohumo ndani ya kicheko, kile ambacho hakikuwa kimetoka tangu siku ya mwarobaini. Nikafungua pindo, nikampa akiba ya vitumbua. Akaipokea, akanirudishia kanga, akanikabidhi mwanangu. Nikamfunika kwa kanga, nikamlaza. Wanawake wa mabenchi wakaja wakakaa chini jukwaani kunizunguka, kama inavyokaliwa matanga.

Usidhani mambo yaliishia vizuri kwa kila mtu. Wa masofa walitoka wakisema igizo limefana, hasa yule bibi wa mwisho. Tausi alizibeba noti zake, na baadaye wageni walimletea cherehani, nyeusi, inang'aa. Hakuna aliyemnyang'anya. Mwenyekiti Rajabu mabati aliyapata. Mimi nilirudi na fuso. Na hadi leo nikipita barazani kwake nikaisikia cherehani ile inakwenda, naharakisha hatua. Wivu wangu haujafa, sitakudanganya, nina umri wa kuitwa bibi na bado unanila. Ila sasa unanila nikiwa na jina langu, na mwanangu alishaagwa.

Sasa nisikilize. Mkienda Morogoro, nunueni kiti ambacho mfuko hautakilaani kesho yake. Kiti cha bei ndogo si aibu. Tafuta mwisho wa benchi, epuka nguzo na spika, kaa na watu wa kwenu. Ukisikia watu wanalia au wanacheka, usiwahi kuwatukana wala kuwafuata. Uliza kwanza wanajua nini. Chozi si ushahidi, na kicheko si dharau siku zote.

Na kubwa kuliko hayo: lililokupata liseme mwenyewe, hata kwa kigugumizi, hata kwa Kiswahili cha la nne kama hiki changu. Ukilinyamazia, atakuja mwenye mdomo laini alivae, na watu watamtunza yeye. Usimwambie siri zako kila anayelala nawe chini ya turubai moja. Na mwenzako akifiwa, ukiona msiba wake hauna jeneza, usiseme utazuia nini. Nenda hivyohivyo.

Mungu akupe riziki ya kukaa popote utakapo, mwanangu, akuepushe na Tausi wako, maana kila mtu ana wake. Akupe watani wenye roho ngumu, wa kukucheka siku unayolia na kukuita kwa jina lako mbele za watu. Amina.