Tabitha Naeku wa Sekei, Muuguzi wa Wenye Kifua Kikuu

Alizaliwa Sekei, chini ya Mlima Meru, yapata mwaka 1886, katika boma la Waarusha wafugaji, akaitwa Naeku kwa kuwa alikuja alfajiri. Mama yake alikohoa damu miaka miwili, akilazwa karibu na moto apate joto, kama ilivyokuwa desturi, na moshi ukamalizia kazi ya ugonjwa. Kwa uchungu huo Naeku aliingia zahanati ya misheni mwaka 1907, akabatizwa Tabitha, akafundishwa na sista mmoja Mjerumani kusikiliza mapafu na kuyafukia makohozi kwa majivu.

Siku zile zahanatini kila mtu alivutia kamba upande wake. Mpishi alimhimiza mgonjwa ainuke ale, dobi akamkataza kuinuka, na Sumari, mjuzi wa dawa za miti, akamnywesha zake kimya kimya. Maskini mgonjwa! Tabitha ndiye aliyewaketisha wote kila asubuhi kando ya kitanda, kila mmoja aseme alichokiona, hata dobi na matambaa yake yenye damu, ndipo waamue neno moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sumari naye alifundishwa hapo kusikiliza kifua, tena bila kukaripiwa.

Lakini watakatifu nao hukosea, na mimi sipendi kuficha. Mwaka 1911 mzee Sakaya, aliyelazwa kwa kifua kikuu, alitembelewa na wajukuu wake saba. Alipoinama kumtemea mate ya baraka mdogo wao, ambaye baadaye alibatizwa Efraimu, Tabitha alimpokonya mtoto mbele ya watu. Mzee alijifunga blanketi lake akarudi bomani, akisema afadhali afe akiwa bado babu wa watu. Na huko angelala nyumba moja na watoto wote saba.

Tabitha alilia sana. Kesho yake asubuhi aliwauliza wenzake wafanyeje, na Sumari, wa rika moja na Sakaya, akakumbusha kwamba wazee hubariki pia kwa kunyunyiza maziwa kwa majani. Wakaenda wote, Tabitha akishika majani mabichi mkononi kuomba amani.

“Baba, nilikuvunjia heshima,” alisema. “Baraka zako tunazitaka. Tunakuomba uzitoe kwa maziwa.”

Mzee akaagiza kibuyu cha maziwa. Siku hiyohiyo alirudi zahanati, akaishi miezi minane, akiwabariki wajukuu kila Jumapili.

Ugonjwa huo ulimshika Tabitha mwenyewe, akafariki Machi 1915. Asubuhi ya mwisho Sumari alimsikiliza kifua na, kwa kutaka kumfariji, alisema ni chepesi.

“Sumari,” akamwambia, “sema ulichosikia.”

Sumari akasema kweli huku machozi yakimtoka, nao wakamwegemeza kwa mablanketi apumue vizuri.

Sisi Walutheri hatutangazi watakatifu, lakini shukrani haingoji tangazo. Basi tumwige, wapendwa: tuulizane kabla ya kuamua, na tukikosea tuende kuomba radhi kwa miguu yetu. Katika wale wajukuu saba wa Sakaya hakuna aliyeugua kifua. Wazee wa usharika huuita muujiza, nami sibishi, maana Efraimu ndiye baba yangu.