Ndege Iliyopita Mara Moja

Kijijini kwetu, juu ya Lukozi, tambarare ilikuwa moja tu: uwanja wa mpira wa shule. Hapo ndipo ilipotua ndege ndogo ya daktari, mgonjwa alipoizidi nguvu zahanati, na hapo hapo ndipo walipochungwa mbuzi wetu. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Ndege ilipita kwanza chini chini juu ya uwanja, nasi tukakimbia na fimbo kuwaondoa mbuzi. Kisha ikazunguka nyuma ya kilima, ikarudi, ikatua. Hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ile ya soko huria mambo yalibadilika bila sisi kuulizwa. Duka la ushirika lilifungwa, matibabu yakawa ya kulipia, mitumba ikajaa gulioni. Ndege nayo ikapata mwenyewe mpya, na mbele ya rubani ikafungwa kompyuta ndogo. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Asubuhi moja dada yangu alishikwa na uchungu, na mtoto akagoma kutoka. Muuguzi akaita ndege kwa redio ya upepo ya zahanati, akajibiwa inakuja. Tukambeba dada kwa machela hadi uwanjani, muuguzi akiwa pembeni yake. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Barabarani likasimama fuso la kabichi lililokuwa likielekea Lushoto, dereva akateremka, akamwambia baba:

"Mzee, mpandisheni. Nitaendesha polepole."

Wakati huo huo ndege ikatokea. Ilipita chini kiasi kwamba tuliuona uso wa rubani. Tukakimbia na fimbo, mbuzi wakatawanyika, akina mama wakapiga vigelegele. Baba akamshika dereva mkono.

"Nenda tu, mwanangu, Mungu akubariki. Imeshafika hiyo, inafukuza mbuzi."

Fuso likaondoka. Tukasubiri ndege izunguke. Dada akaniuliza kama inarudi, nikamwambia inarudi. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukameza goli la kwanza, kisha la pili. Kila mtu alidai anaisikia kwa mbali, na mimi naapa niliisikia. Gari jingine halikupita hadi alasiri, na kufikia hapo dada na mtoto wake walikuwa wamefunikwa khanga moja.

Matanga yalipokwisha, rubani akaja nyumbani. Alikuwa kijana, Mtanzania mwenzetu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Baba akanyamaza. Kwetu mtu haachi shikamoo ikining'inia, hata ikitoka kwa adui yake. Niliona aibu, halafu nikaona raha.

Rubani akaeleza akiwa amesimama. Kompyuta ile hupima mafuta, urefu wa milima na taarifa za mawingu, kisha humshauri aendelee au ageuke. Siku ile alishuka ili auone uwanja kwa macho yake, nayo ikamwambia ageuke. Alitangaza kwenye redio kwamba anageuka, lakini zahanati ilikuwa haina mtu.

"Ningezunguka nyuma ya kilima ningeingia kwenye ukungu, mzee. Nisingetoka."

Ilikuwa kweli. Ukungu tuliuona wenyewe ukipanda. Ndiyo maana niliichukia mashine ile, na ninaichukia mpaka leo: ingekosea, ningekuwa na wa kumlaumu.

Baba alikuwa akitazama chini muda wote huo. Hakuwa amelala vizuri tangu fuso lile liondoke.

"Ilikushauri wewe ugeuke," akasema. "Na sisi tuliokuwa chini, ilitushauri nini?"

Rubani akaigeuza geuza kofia yake.

"Haijui kama chini kuna watu, mzee. Inajua milima tu."

Baba akainuka taratibu.

"Marahaba," akasema, akaingia ndani.