Salamu Zilizokatwa kwenye Filamu

Mpwa wangu alinionyesha simu kama mtu anayeonyesha matokeo ya mtihani. Kwenye tovuti moja ya sinema, filamu yake ya kwanza, kisa cha familia ya wafugaji wa huku kwetu, ilikuwa na alama mbili: ya wahakiki, juu kabisa, ya watazamaji, chini mno. Alitakiwa kuamua kama ataipeleka kijijini Kulamawe, alikozaliwa mama yake, au ataizungusha Nairobi tu, ilikosifiwa.

"Mjomba, watu wetu hawajui sinema," alisema.

Mimi hufundisha uhakiki wa fasihi. Nilimwambia kwamba alama hizo hazipimi kitu kimoja. Mhakiki huilinganisha filamu na filamu nyingine alizoziona. Mtazamaji huilinganisha na maisha yake, na mara nyingi hupiga kura akiwa amefurahi sana au ameudhika sana. Pengo lile, basi, halikutuambia nani amekosea. Lilituambia tu kwamba ndani ya filamu kuna mahali ambapo makundi mawili yaliona vitu tofauti. Ilitubidi tupatafute.

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, tulikwenda kuitazama katika banda la video la mtaa wa Wabera, mjini kwetu, tukaketi nyuma bila kujitambulisha. Watu walitulia vizuri hadi mchungaji mmoja wa ngamia alipofika nyumbani kwa mjane, akasimama mlangoni na kusema, "Mwanao amekufa." Hilo ndilo onyesho ambalo wahakiki walilisifu kuliko yote, kwa ukali wake usiopoteza neno.

Banda zima liliangua kicheko.

"Huyu hana hata salamu?" mama mmoja aliuliza.

"Msamehe, ameacha pikipiki ikinguruma nje!"

"Wacha wee! Hata mwizi wa ngamia angeuliza habari ya mvua kwanza!"

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anafikiri. Kwetu msiba hautamkwi mlangoni. Mgeni na mwenyeji huulizana habari za amani, mifugo, malisho na mvua, mgeni hupewa maziwa, na mwenyeji, akiona kikombe kinakaa mkononi bila kunywewa, huanza kujua. Hayo yote mpwa wangu aliyajua. Alilelewa nayo.

"Salamu zote nilizirekodi," alininong'oneza. "Kisha nikazikata. Niliambiwa zinachosha."

Alizirudisha. Mhakiki mmoja aliyemsifu awali aliandika kwamba sasa filamu inajikokota katikati. Kwa kipimo chake, sikuona kwamba amekosea, na nilimwambia mpwa wangu hivyo. Alicheka kidogo, akaenda kutafuta gari la Kulamawe.

Huko iliangaliwa darasani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia na shuka jeupe limetundikwa ukutani. Dada yangu, mama yake, aliketi mbele. Mpwa wangu alisimama kando, mgongo wake ukielekea shuka, akiwatazama watu.

Mchungaji alifika, akaketi, akapokea maziwa. "Nagaa?" aliuliza, yaani, kuna amani? Kabla mjane wa kwenye filamu hajafungua kinywa, dada yangu aliitikia kwa sauti, "Nagaa," na nyuma yake darasa zima likaitikia. Mchungaji akauliza habari ya mbuzi. Akauliza habari ya mvua. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Dada yangu alijifunika uso kwa mtandio. Neno la msiba lilikuwa bado halijasemwa.