Nilivyofika Kwenye Msiba Wangu Mwenyewe Nikinuka Dagaa

Hili jambo nilikuwa nimeapa kutolisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya Kirumba, mtaa wetu hapa Mwanza, wanalijua na nusu nyingine wanalijua vibaya (kuna wanaosema nilikuwa uchi kabisa, na kuna wanaosema nilinaswa na wavu kama sangara), basi afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenye aibu yangu, halafu mkishacheka, kama mtacheka, mniache nipumue.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha baiolojia, na mpaka wiki ile nilikuwa ndiye mwalimu wa nidhamu, yule anayesimama getini asubuhi kuangalia nani kachelewa na sketi ya nani imepanda juu ya goti. Mume wangu ni fundi wa majokofu, namwita Baba Gloria, na Gloria mwenyewe yuko chekechea. Watu wa kawaida tu, wa kununua mkaa na kulipa ankara ya maji.

Triatloni aliniletea mwalimu mwenzangu wa michezo, Madam Resti, aliyesema kuna mashindano yanaandaliwa ufukweni, mtu unaogelea ziwani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, yote mfululizo bila kupumzika, na kwamba walimu wanawake hatujawahi kutoa mshiriki hata mmoja. Daktari alikuwa ameshaniambia nipunguze mwili, halafu mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kuogelea nilijua kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo nikamwambia niandike. (Kuogelea kwa mtoto wa kisiwani na kuogelea kwa mama mzima aliyezoea kiti cha ofisi ni vitu viwili tofauti, lakini hilo hakuna aliyenikumbusha.)

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano ndiyo iliyonimaliza. Jumatatu nilikimbia alfajiri, nikarudi nikapika uji wa Gloria, nikapiga pasi shati la baba yake, nikafika shuleni nimechelewa mimi mwenyewe, wanafunzi waliochelewa wamepanga mstari getini wananisubiri niwaadhibu. Kesho yake ikawa baiskeli, ya kuazima, kiti chake chembamba kama ulimi wa kondoo, ikaniacha siwezi kukaa, nikafundisha nimesimama, nikaingia kikao cha walimu nikasimama, mpaka mkuu wa shule akaniuliza kama nina hoja nataka kutoa. Katikati ya wiki Gloria akapata homa, nikashinda naye zahanati, zoezi la kuogelea likapita hivyo hivyo. Alhamisi nikainjika maharage, nikasema wakati yanachemka nifanye mazoezi ya tumbo kidogo pale sakafuni, usingizi ukanipitia palepale, na kilichoniamsha ni moshi. Baba Gloria alikula ugali kwa maziwa bila kulalamika. Alisema tu, akiwa ananawa mikono, kwamba siku hizi nyumba hii ina mgeni, na mgeni mwenyewe ni mimi.

Ijumaa nikiwa na uchovu na hasira zangu nilimsimamisha getini msichana mmoja wa kidato cha tatu, Minza, sketi imembana, nikamwambia mbele ya mstari mzima kwamba mwili wa mwanamke si bidhaa ya kutandazwa sokoni, nikamrudisha nyumbani. Jioni yake baba na mama mkwe wakapiga simu kutoka Maswa, wamesikia mjukuu anaumwa, kesho wanapanda basi kuja kumwona. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika tangu tuhamie nyumba yetu. Nikapanga kila kitu kichwani, kuku, wali, mashuka mapya, na katikati ya yote hayo nikaona kanafasi, kwamba nikiamka alfajiri nikaenda ziwani kufidia lile zoezi lililopita, nitakuwa nimerudi kabla hawajafika stendi ya Buzuruga.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe dogo tu. Madam Resti alikuwa ametukataza mtu yeyote kuingia majini peke yake, lakini yeye alikuwa amesafiri. Na Baba Gloria alikuwa amelala vizuri mno, nikaona nisimwamshe, kumwamsha ni kuanza maelezo. Nikatoka kimya nikisukuma baiskeli.

Pale ninapopajua, kwenye mawe, hapakuwa na mtu. Nikaegesha baiskeli, nikakunja gauni na kanga, nikaweka simu ndani ya kiatu, nikaingia na nguo yangu ya kuogelea ya mtumba (imebana, mabega yote nje, mgongo wote nje, na mnajua mimi ni mwalimu gani). Maji yalikuwa matulivu. Nilienda vizuri mno, nikajisikia mtoto wa Ukerewe kweli, nikapiga mbizi, nikalala chali, nikasema moyoni Resti angeniona. Sikujua kwamba asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mimi sikuwa naogelea vizuri, nilikuwa nasukumwa. Nilipogeuka, yale mawe yalikuwa madogo kama kokoto.

Nikaanza kurudi. Nikapiga mikono, nikapiga mikono, mawe yako palepale. Kisha msuli wa mguu ukakaza, ukawa kama ubao, nikanywa maji, nikakohoa, nikanywa tena. Sitawadanganya kwamba nilimwita Mungu. Niliwaza kwamba kuku bado yuko hai na nani atamchinja.

Kilichonikuta hapo ni mtumbwi wa dagaa, unarudi na injini yake, taa za usiku zimeshazimwa. Wavuvi waliponiona walizima injini mbali wakakaa wananitazama, baadaye nikaambiwa walikuwa wanabishana kama mimi ni mtu. Mkubwa wao, mzee mmoja anaitwa Masatu, ndiye aliyerusha kamba. Kupanda nikashindwa, sina nguvu na mwili ndio huu, ikabidi wanishike kwenye kamba za mabegani za ile nguo, na mtumba ni mtumba, kamba moja ikakatika. Nikaangukia juu ya dagaa kama gunia, nimejishika kifua kwa mkono mmoja, natapika maji.

Niliwaomba wanirudishe kwenye mawe nikavae. Mzee Masatu alisema kwa upole kwamba jua linapanda, dagaa wakikawia wataharibika, wanunuzi wanasubiri sokoni Mwaloni, kwa hiyo tunakwenda Mwaloni. Wakanipa mfuko wa sandarusi nijifunike. Ulikuwa na tundu.

Mnaijua Mwaloni Jumamosi asubuhi. Wachuuzi, wapagazi, akina mama na ndoo zao, wote wameukimbilia mtumbwi kuona dagaa, na juu ya dagaa niko mimi. Mzee Masatu akatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumeokota mwarimu." (Mimi ndiye niliyemwambia ni mwalimu, sijui nilidhani itanisaidia nini.) Watu wakacheka, wengine wakauliza kama anauzwa kwa ndoo au kwa kilo, simu zikainuliwa, na ule mfuko upepo ukauchukua. Nikatua nchi kavu nimepiga magoti, mgongo nje, magamba ya dagaa mpaka kwenye nyusi, na miguu ya mtu ikasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa Minza. Macho ameyainamisha chini, kama ninavyowafundisha. Pembeni yake mama yake, muuza dagaa, akanitazama, akamtazama binti yake, akauliza, "Ndiye huyu mwalimu wenu wa nidhamu?" Yule mama akafungua kitenge alichojitanda, akanifunga nacho mwenyewe, akanifunga vizuri kama mtu anavyomfunga mtoto. Afadhali angenitukana.

Nikaomba simu. Kumbe katika dunia hii nzima namba ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya kwangu. Nikaipiga nikitegemea msamaria yeyote aliyeokota vitu vyangu. Ikapokelewa na Baba Gloria.

"Haloo," akasema, sauti ya mtu aliyelia mpaka ikakauka.

"Baba Gloria, ni mimi."

Nikasikia akivuta kamasi.

"Ni mimi, Vene. Niko Mwaloni."

"Wewe dada," akasema taratibu, "mke wangu amefariki asubuhi hii. Muogope Mungu." Akakata.

Nikapiga tena, haikupokelewa. Mambo yalivyokwenda nilikuja kuyajua baadaye: wakwe walipanda basi la kwanza kabisa, walipofika Buzuruga wakampigia mtoto wao, naye akanipigia mimi niwahi kuweka chai jikoni, simu ikapokelewa na mama mmoja aliyekuja kufua pale kwenye mawe, akamwambia mwenye simu hii nguo zake hizi hapa, baiskeli hii hapa, mwenyewe haonekani. Baba Gloria alikimbia mpaka ziwani akiwa pekupeku. Alivua shati akaingia majini mpaka shingoni, na yeye kuogelea hajui, watu wakamtoa kwa nguvu.

Bodaboda ikanipeleka nyumbani. Njiani dereva aliniuliza kama ndiyo naenda msibani, maana kuna mwalimu amezama.

Viti vilikuwa vimeshapangwa uani. Jiko langu lilikuwa nje, sufuria za majirani zimeshaletwa, na wenzangu wa jumuiya ya kanisani walikuwa wamekaa mkekani wanamwombea marehemu, na marehemu walikuwa wanamtaja kwa jina langu la ubatizo. Nikasimama mlangoni na kitenge cha watu. Hakuna aliyewahi kunifundisha mtu anaingiaje kwenye msiba wake. Nikabisha hodi. Nyumbani kwangu mwenyewe, nikabisha hodi, na mtu akaitikia karibu bila kugeuka, kisha akageuka.

Waliokimbia walikimbia. Mmoja aliruka na mwanangu mgongoni. Mimi nilimwona baba mkwe peke yake, amekaa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti, nikapiga magoti mbele yake, kwa sababu ndiyo heshima na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Na mama mkwe aliposikia sauti yangu akatoka chumbani, ameshika ukuta, kanga kichwani, akaniona, akafungua mdomo kama anayetaka kuniita, akaanguka.

Presha, walisema hospitali. Tulimpeleka kwa gari la jirani, mimi nimempakata na kile kitenge kinachonuka, Baba Gloria mbele, hajageuka kunitazama hata mara moja. Jumapili mashindano yakafanyika, tulisikia vipaza sauti vikishangilia tukiwa wodini. Mama alipona, kama kupona ni kuishi, lakini mkono wake wa kushoto mpaka leo hauna nguvu na maneno yanamtoka yamelegea. Siku tunawasindikiza Buzuruga, baba mkwe alisubiri mpaka mkewe amekalishwa ndani ya basi ndipo akaniambia maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga siku zote zile.

"Tulikuja kumwangalia mjukuu mgonjwa," akasema. "Tunarudi na mgonjwa wetu."

Nikamshikia fimbo yake mpaka akapanda.

Shuleni picha zilifika kabla yangu. Hakuna mwanafunzi aliyecheka mbele yangu, na hilo ndilo baya, walinyamaza tu, mstari mzima, na Minza katikati yao na sketi yake ileile, nami nikashindwa kunyanyua macho. Mkuu hakuniondoa kwenye nidhamu, nilijiondoa mwenyewe. Kile kitenge nilikifua mara nyingi sana, nikakipiga pasi, nikampa mtu mwingine akirudishe Mwaloni, maana uso wa kukipeleka sikuwa nao. Madam Resti alinipigia kunipa pole, akasema mwaka ujao tutajipanga vizuri. Nikamwambia akilitaja tena ziwa mbele yangu urafiki wetu umekwisha, na sikuwa natania.

Na Baba Gloria? Tunaishi. Tunakula, anaongea na mimi habari za umeme na ada. Lakini nikitoka hata kwenda dukani anauliza naenda wapi na nitarudi saa ngapi, si kwa wivu, na mimi namjibu yote, duka gani, njia gani. Kama ningemwamsha asubuhi ile nikamwambia maneno mawili tu, naenda ziwani, angenikatalia, tungegombana, ningechinja kuku wangu, basi. Nimeapa, na hapa naapa tena mbele yenu, sitoki tena kwenye ile nyumba bila kumwamsha mtu.

Maji ninayoyaingia sasa hivi ni ya ndoo, bafuni. Na hata hayo sina raha nayo, kwa sababu kila nikifunga mlango Gloria anakuja kusimama nje anaita, "Mama?" Nikikawia kidogo tu anaanza kulia. Basi naitika. Sabuni machoni, sabuni mdomoni, naitika, yeye anaita tena, naitika tena, mpaka nitoke.